Vidonge vya Jirani Mfamasia

Mama Watoto mpenzi,

Natumaini mjukuu ananyonya vizuri na binti yetu anapata usingizi. Hapa bomba la jikoni limetengenezwa, na kuku wako wanataga.

Jana jirani yetu mfamasia alikuja kukuulizia, amenyoa ndevu na ananukia. Tangu akuletee vile vidonge vya kulinda ubongo na kuongeza nguvu, mnanong'ona kibarazani, nami nikitokea mnaongelea mvua. Basi nilimfafanulia taratibu, kama darasani, kwamba virutubisho vya vidonge hivyo vimo hata kwenye matunda na mboga, na kwamba mke wangu ana nguvu za kutosha.

Akacheka. "Mwalimu, vile si vya shemeji. Amekununulia wewe. Anasema siku hizi unasahau sana, ila anaogopa kukuambia."

Nitamwona daktari, yeye ndiye atakayeniambia kama vidonge vinafaa. Kusahau nimekubali. Lakini hofu yako juu yangu, mke wangu, nilistahili kuisikia kabla ya mwanamume mwingine. Ukirudi, niambie yote upya, hata kama yeye ameshayasikia.

Mumeo, ambaye wivu haujamtoka.