Milembe Hatoki Kisesa

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Nina jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama. Mdogo wangu, aliyezaliwa siku chache baada ya bendera yetu kupandishwa, anaitwa Milembe, na ukoo mzima unaamini amerithi jina la marehemu mmoja wa Kisesa. Si kweli. Milembe ametoka kitabuni. Wewe unamfahamu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukianika dagaa kule Kirumba, nami nimekalia ndoo, nakusomea kile kitabu cha zamani cha shuleni kilichopoteza jalada? Milembe alizaliwa wakati koo mbili zinagombea kisima. Mwalimu alitueleza kwamba mwandishi alimpa jina hilo, amani kwa Kisukuma, ili tujue mapema kuwa ugomvi utakwisha. Wewe ulicheka.

"Amani gani hii? Anavunja mitungi, anapoteza mbuzi, hatulii!"

Lakini tulipofika pale alipopotea mwenyewe, uliacha kazi, dagaa wamejaa mkononi. Watu wa pande zote mbili walikuwa porini, kila mmoja akiita jina lile lile.

"Kumbe!" ukasema. "Maadui wanaitana amani, na hakuna anayesikia anachokiita."

Kisha ukaniambia habari ya jina lako. Ulizaliwa mwaka wa njaa, ukaitwa Nyanzala, na maisha yako yote kila aliyekuita aliitaja njaa. "Nikifa, asirithishwe mtoto jina hili. Ila usiwaambie wazee, watadhani nawanyima."

Sasa sikia. Mtoto alipozaliwa alilia mno. Wazee wakasema anadai jina, wakapanga siku ya kukusanyika na kumtajia majina ya marehemu mpaka anyamaze. Mimi nilijua baba atataka lako. Kusimama mbele ya wazee na kusema nisingeweza. Unajua sauti yangu inavyokimbia. Basi kila asubuhi nilipomwogesha nilimnong'oneza sikioni: Milembe, Milembe. Akazoea maji na jina pamoja.

Siku yenyewe, baba mdogo alianza na jina lisilo la marehemu yeyote. "Uhuru!" Mtoto akapiga kelele.

"Huyu mkoloni huyu!" akasema jirani yetu Mama Rehema, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Kisha baba akainama, akasema taratibu, "Nyanzala." Bibi, mtoto alilia kuliko mwanzo. Baba akatazama chini. Niliumia, kwa sababu alikuwa anakukumbuka wewe.

Majina yakawaishia. Mdogo wako, Bibi Holo, akanigeukia. "Na wewe bubu, taja basi!"

Nikataja. Mtoto akanyamaza, akageuza kichwa kunitafuta.

"Milembe ni nani kwetu?" akauliza baba mdogo.

Bibi Holo hakukawia hata kidogo. "Hamumjui? Dada yake babu yenu, wa Kisesa! Mwanamke mrefu, alicheza ngoma huyo!" Wazee wawili wakaitikia kwamba wanamkumbuka sana. Mmoja alikumbuka hata ng'ombe wake.

Mpaka leo sijui kama ni minong'ono yangu, au mtoto alichoka tu, au ni wewe ulimtuliza. Sihangaiki kujua. Jioni baba akitoka kazini huanza kumwita tangu njiani, "Milembe! Milembe!" na Mama Rehema anamwita kutoka upande wa pili wa ua, na mtoto anachezesha miguu. Nami nasikiliza, nacheka peke yangu.

Juzi baba alimpakata, akasema, "Jina zuri hili. Sijui mama angelipenda?" Nikainamia beseni la nguo ili asiuone uso wangu.

Huko uliko wazee wa ukoo ni wengi. Wakikuuliza huyo Milembe ni wa nani, tafadhali Bibi, usinitaje. Waambie ni yule mrefu wa Kisesa.

Mjukuu wako,
bubu wako wa kwenye ndoo