Udongo wa Chini ya Mlimau Wako

Xonqa, Aprili

Mpendwa Baba,

Pokea salamu zetu sote. Tu wazima hapa nyumbani. Bibi bado analalamikia goti lake, lakini analalamika kwa nguvu, kwa hiyo hatuna wasiwasi naye. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko kazini kwako Yekaterinburg imeanza kukuachia vidole vyako.

Kabla sijafika kwenye habari nyingine, kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote: mimi huonja udongo. Si wa barabarani. Ni wa shambani na wa lile banda la plastiki linalokinga milimau na baridi, punje chache tu kwenye ncha ya ulimi, kisha natema. Nilijifunza kwa kumtazama Babu alipokuwa hai, kila mwisho wa baridi, kabla mashamba hayajafunguliwa maji ya kuoshea chumvi. Yeye alionja mbele za watu, na watu wakangoja neno lake. Mimi huonja nikiwa nimeelekea ukutani, maana msichana wa darasa la kumi akionekana anakula udongo, Bibi ataitwa shuleni.

Ningeweza kukueleza haya kwa simu, lakini simu ya nyumbani unaijua. Bibi huishika kwa mikono miwili, Baba mdogo Matyoqub hupaza sauti kutoka nyuma yake, na zamu yangu ikifika nasema tu kwamba nasoma vizuri. Ndiyo maana nampa barua hii jirani yetu Quvondiq, anayesafiri kuja huko.

Baba, milimau yako ilikuwa inakufa na tulikuficha.

Ilianza msimu wa vuli. Ncha za majani ziligeuka kahawia, kana kwamba mtu amepita na kiberiti akiunguza jani moja moja. Baba mdogo akasema miti ina njaa, akaongeza ile mbolea nyeupe ya mfuko. Majani yakazidi kuungua. Akaongeza tena, safari hii pamoja na samadi ya kuku. Bibi akasema hilo ni jicho baya la mgeni aliyesifia malimau bila kutaja jina la Mungu, akafukiza majani makavu banda zima mpaka tukatoka tunakohoa. Baba mdogo akamwambia, "Haya Mama, sasa miti ina njaa na mafua pia."

Mimi nikaanza kuokota majani na kuyapanga dirishani kwangu. Mlimau wenye njaa hupauka, na hupauka jani zima, kuanzia majani ya zamani. Ukikosa madini ya chuma, jani changa huwa la njano lakini mishipa yake hubaki ya kijani. Wenye kiu hulegea. Majani yetu hayakuwa hivyo hata kidogo. Yalikuwa ya kijani kizito kama yaliyopakwa rangi, ncha zimepinda chini kama kucha za mwewe, na yameungua kuanzia nchani kufuata kingo. Kitabu kimoja cha maktaba kilisema mmea ulioungua hivyo umelishwa kupita kiasi. Niliusoma ukurasa huo mpaka nikaukariri, kisha nikakaa nao kimya. Unanijua.

Baba mdogo aliponikuta dirishani aliniita daktari wa majani, akauliza kama wagonjwa wangu wanakohoa usiku. Lakini hakuwa na raha. Tulipokuwa tunakunywa chai alisema kwamba Navruzi, sikukuu ya mwaka mpya, ikipita atang'oa miti yote apande matango. Bibi akaacha kumega mkate. Ule mlimau wa mlangoni uliupanda mwaka niliozaliwa. Sote tulitazama upande wa banda.

Kesho yake niliingia bandani nikapiga magoti chini ya mlimau huo. Juu ya udongo palikuwa na ukoko mweupe, mwembamba kama unga uliomwagika. Nikaonja. Ulikuwa na chumvi chungu, ukanibana ulimi, vilevile kama shamba la Babu kabla ya kuoshwa. Nikacheka peke yangu mle ndani. Kila mwaka sisi watu wa huku Xorazm tunayafurikisha mashamba yetu maji ili kutoa chumvi, hata watoto wanaijua kazi hiyo, na hakuna aliyefikiri kwamba chumvi yaweza kutoka kwenye mfuko tunaoumwaga wenyewe. Bandani hakunyeshi mvua, chini pagumu, na hapana mfereji. Kila tulichoweka kilikuwa bado kipo palepale.

Nilijua nikianza kueleza nitashikwa na kigugumizi. Kwa hiyo siku ya kuosha shamba nilimfuata Baba mdogo mpaka kwenye tuta. Alikuwa na majirani, kila mtu na koleo lake, na maji yameshajaa kwenye majaruba. Nikamnyooshea bonge la udongo, nikamwomba aonje. Hakuuliza kitu, kwani siku hiyo kila mtu huonja udongo wa mwenzake. Akaonja, akatema mbali.

"Lo! Huu bado kabisa," akasema. "Huu unataka maji mara mbili, na mfereji uchimbwe. Wa mvivu gani huu? Wako, Sobir?"

Sobir akamjibu kwamba udongo wake ni mtamu kuliko pilau ya harusi ya Matyoqub, ambayo wote wanakumbuka ilivyoungua. Watu wakaangua kicheko. Nikasubiri kiishe, kisha nikasema, "Ni wa chini ya mlimau wa Baba."

Baba mdogo akaonja tena, taratibu. Akachomeka koleo lake tutani akawaambia, "Jamani, shamba litasubiri. Twendeni."

Walichimba mfereji katikati ya banda na shimo refu mwishoni. Tukamwagilia polepole, na maji yaliyokusanyika shimoni, yenye rangi ya chai, tukayavuta nje kwa pampu ya Sobir. Kisha tukarudia. Niliwaonya kwamba jani lililoungua haliponi, watazame yale yatakayochipua. Hata hivyo kila asubuhi Baba mdogo aliyakagua yaleyale yaliyoungua, akanitazama, akaenda zake. Zilikuwa siku ngumu kwangu.

Majani mapya yalitoka safi mpaka nchani. Sasa milimau imechanua, na harufu yake unaipata ukiwa bado getini. Baba mdogo analeta wageni kuiona, na huwaambia wasiguse jani bila ruhusa ya daktari. Siku hizi hasemi kwa utani. Mimi husimama nyuma ya mlango nikisikiliza, Baba, na najivuna mpaka naona haya.

Lakini liko moja ambalo ameniomba nisikwambie. Alitaka niandike kwamba aliuziwa mbolea mbovu sokoni. Si kweli. Mbolea ilikuwa nzuri, na agizo lilikuwa lako. Siku ulipoondoka ulimshika bega hapo getini ukamwambia asiache miti yako ilale na njaa hata siku moja. Alikutii kana kwamba unamtazama. Aliilisha kama tunavyomlisha mgeni, bakuli la chai linajazwa kabla halijaisha. Anaona afadhali umdhanie mjinga wa sokoni kuliko ujue kwamba ni neno lako lililoichoma. Nisamehe kwa kulisema. Najivunia miti, lakini yeye namjivunia zaidi.

Bibi anakubusu kwenye paji la uso na anasema uvae soksi mbili. Baba mdogo anakusalimu, na hajui nilichoandika. Mungu akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Ile mifuko ya mbolea uliyomtuma dereva ailete ilifika jana. Baba mdogo aliitazama, kisha akanitazama mimi mbele za wageni, akauliza tufanye nini. Nikasema iwekwe stoo mpaka tumalize kuvuna. Wakaibeba. Nikafunga mlango, nikatia ufunguo mfukoni, nikaenda shule.

Binti yako,
Intizor