Majiko Manne ya Nakasero

Jumatatu, 4 Mei 1998
Jiko la pili leo. Tindo na nyundo tangu asubuhi. Plasta imebanduka, ndani masizi ya miaka na mikaka, mifupa ya kuku, kitasa cha mlango. Wanajeshi waliokaa humu wakati wa vita walichoma milango yote sebuleni. Nyumba ya Wazungu, majiko manne ya ukutani ya kuotea moto, dohani nne za kutolea moshi. Sijui waliona baridi gani hapa Kampala.

Nalongo, mwenye nyumba, anataka yote yawake kama zamani. Ndipo atapata mpangaji kutoka ubalozini. Aliponiuliza kama naijua kazi hii nilisema nimeirithi kwa baba. Baba alikuwa fundi cherehani Bungoma. Hakushika mwiko wa mwashi maisha yake yote.

Jumatano, 6 Mei
Anayejua ni Bahati. Mkongo wa Bukavu. Nilimtoa bandarini Port Bell, alikuwa akibeba magunia. Kwao kuna baridi kweli, na kwa mapadri alijenga dohani tangu ujana. Anaingiza kichwa ndani ya jiko, anapiga mluzi, anasikiliza, anatoka na masizi puani na kusema palipoziba. Na ndipo panapokuwa pameziba! Kila tofali tunalong'oa analiandika namba kwa kipande cha mkaa, kisha anayapanga uani kwa safu.

Yeye na mkewe Furaha wanalala chumba cha uani. Nalongo aliwapa bure ili walinde vifaa. Furaha ana mimba kubwa.

Mbele ya Nalongo huwa namwita kibarua wangu. Hajawahi kunisahihisha.

Ijumaa, 8 Mei
Siku mbaya. Bahati alikanda udongo wa mfinyanzi, mchanga, majivu na chumvi, kwa ajili ya koo la dohani ya sebuleni, pale moshi unapoingilia. Nalongo akapita, akasimama, akamtazama yeye. Akasema, "Huyu musajja, mwanamume huyu, anajua kazi!" Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka hapo, na timazi ya kupimia ukuta mkononi.

Ilinichoma. Naandika ilivyo.

Alipoondoka nikaamuru udongo ule ukamwagwe nyuma ya nyumba. Nikasema tunajenga kwa simiti. Bahati akasema, "Mukubwa, simiti haipendi moto. Itapasuka. Na moto ya kwanza inakuwaka kidogo-kidogo, siku saba." Nikamwambia hapa si Bukavu. Nikajenga mwenyewe. Aliniletea maji.

Jumatatu, 11 Mei
Simiti imekauka. Inapendeza. Nalongo amealika wageni Jumamosi, mtu wa ubalozini atakuwepo. Sijawasha hata kijiti. Najiambia ni kwa sababu ya mvua.

Jumamosi, 16 Mei
Wageni kumi na mmoja. Kitambaa cheupe mezani. Nalongo alitaka moto mkubwa, nikapanga magogo ya mkaratusi hadi juu. Dakika ishirini ulikuwa moto mzuri. Kisha mlio, kama ubao unaovunjika. Tofali la nyuma likachomoka, likaburuta makaa hadi kwenye zulia. Ufa ukapanda ukutani. Moshi wote ukarudi kwetu. Yule mtu wa ubalozini alitoka nje kupitia dirishani, anakohoa, koti limejaa masizi.

Nalongo akauliza, "Nani alijenga hii?"

Nilisema Bahati.

Sikufikiri. Hapana, nilifikiri. Kulikuwa na nafasi ya kufikiri.

Jumapili, 17 Mei
Sikwenda kanisani. Nilipanda kilima cha Nakasero mapema, nikidhani Bahati na Furaha, waliofukuzwa jana, wameshaondoka. Walikuwa getini. Furaha amejitwika godoro, tumbo mbele. Nalongo hakuwapa hata siku ya pili.

Bahati akanirudishia mwiko wangu, umefutwa safi. Akasema, "Ulikuwa unajua." Basi. Waliteremka mlimani, mvua ikawanyeshea, nami nikabaki nimesimama na mwiko kama mjinga.

Jumatano, 20 Mei
Nalongo amenipa nafasi ya mwisho. Jiko la sebuleni liwake, la sivyo ataita watu wengine na niondoke na aibu yangu.

Nimevunja simiti yote. Inashika vizuri pasipohitajika. Nimekwenda nyuma ya nyumba kutazama udongo niliomwagisha. Ulikuwa umefunikwa kwa gunia bichi na juu yake mawe manne. Laini bado. Bahati aliufunika lini sijui. Bila shaka kabla hajajua mimi ni mtu gani.

Nimeutumia. Nimefuata namba za tofali. Tarakimu zake za saba zina kistari katikati, kama alivyofundishwa na mapadri. Siku nzima nimesoma mwandiko wake kwa vidole. Ninamchukia kwa kuwa ameuacha wazi hivi. Hata kipofu angejenga.

Alhamisi, 28 Mei
Siku ya saba ya moto mdogo. Vijiti, karatasi, maganda ya mahindi. Nakaa mbele ya jiko kama mwanamke anayechemsha uji wa mtoto.

Jana nilikwenda Port Bell. Wachukuzi wamesema Bahati alifika, hakupata kazi, ameondoka na mkewe. Labda kambi ya wakimbizi, labda kwingine. Hawajui. Nilirudi kwangu Luzira kwa miguu, na njia nzima nilijisikia mwepesi. Nilifurahi kwamba sikumkuta. Hilo nalo naliandika.

Jumamosi, 6 Juni
Wageni tena. Niliwasha karatasi moja kwanza, nikaiinua hadi kwenye koo la jiko ili dohani ipate joto. Nilimwona Bahati akifanya hivyo mara moja tu. Moshi ukapanda wima. Kisha magogo. Ukuta haukutoa hata ufa wa unywele. Yule mtu wa ubalozini alinyoosha mikono kwenye moto, akacheka.

Nalongo akanishika bega mbele yao wote. Akawaambia fundi huyu alifundishwa na baba yake. Nikaitikia kwa kichwa.

Nimepewa majiko yote yaliyobaki. Nimepewa pia ufunguo wa chumba cha uani, nihamie nikitaka, nisipoteze muda kutoka Luzira. Nilikwenda kukitazama. Kidogo, kikavu, kimefagiwa. Ukutani karibu na dirisha pana doa jeusi la moshi, pale Furaha alipoweka sigiri yake ya mkaa.

Nimemwambia Nalongo sihamii. Nitaweka humo mifuko ya simiti iliyobaki.