Baba Anasema Kompyuta Yake Imepona

Shikamoo Anti Adelina. Naomba msaada wako, na kama inawezekana nijibu kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ndiyo wageni wanakuja na mie sijui uso wangu nitauweka wapi.

Mie ni binti wa hapa Pugu, naishi na wazazi wangu, sie ni Wazaramo wa huku huku. Baba yangu, Mzee Mwinshehe, amefanya kazi ya uchapaji maisha yake yote, na kiwandani alikuwa mtu wa rangi, yaani karatasi ikitoka kwenye mashine yeye ndiye anaiinua kwenye mwanga na kusema hii iende au hii irudi, na alipostaafu wenzake wakamchangia kompyuta ya mezani, ile ya aina ambayo mashine yote imo nyuma ya kioo, haina sipiyu ya pembeni, kioo kipana kizuri, na chini wakabandika kibati chenye jina lake. Mtaani kwetu hakuna aliyekuwa na kitu kama kile. Baba akaiweka sebuleni juu ya meza yake yenyewe, mama akaifumia kitambaa cheupe cha maua, na kila mgeni akifika kitambaa kinafunuliwa, baba anawasha, mgeni anaona, kitambaa kinarudishwa. Sasa Anti, kompyuta ile ikafa. Fundi wa kwanza akasema bodi kuu imeungua, wa pili akasema hivyo hivyo na akaongeza kwamba bodi ya aina ile haipatikani tena, baba akasema sawa, akairudisha mezani kwake, mama akakifua kitambaa akaifunika, ikakaa hivyo miaka, kazi yetu ikawa kupangusa vumbi.

Mie kazi yangu ni kuchora kanga. Watu wanavaa kanga kila siku na hawafikirii kwamba kuna mtu amekaa chini akazichora, basi mmojawao ni mie, nachora kwenye laptop, nampelekea mfanyabiashara wa Kariakoo na yeye anapeleka kiwandani. Lakini laptop yenyewe ni ndogo, ukiitazama kanga nzima maua ya pindo yanakuwa kama nukta, ukilisogeza ua karibu huoni tena kona nyingine, na mwanamke akishika kanga dukani anatazama kwanza pindo zinavyokutana kwenye kona, zikipishana hata kidogo anaiweka chini. Michoro yangu ilikuwa inarudi. Ndipo rafiki yangu Asifiwe, ambaye ni fundi wa simu Gongo la Mboto, akaniambia kompyuta inaweza kufa kioo chake kikabaki kizima, unatoa ile bodi kuu iliyoungua, unasoma namba iliyo mgongoni mwa kioo, unatafuta bodi ndogo ya kuendeshea kioo inayoendana na namba hiyo pamoja na adapta yake ya umeme, unaichomekea kebo ya laptop yako, basi umepata monita.

Nikamwomba baba ruhusa. Akauliza, “Kibati changu kitabaki?” Nikamwambia kitabaki. Akasema, “Fungua.” Tukaifungua mie na Asifiwe pale pale sebuleni, baba katushikia tochi, anauliza hiki nini na kile nini mpaka Asifiwe akamwambia, “Baba, ukiendelea hivi nitakuajiri.” Ilipowaka, Anti, kanga yangu ikajaa kioo kizima, pindo zote nne naziona kwa pamoja, mama akapiga kigelegele, na baba akavaa miwani, akasogea, akatazama, akasema, “Kona ya kushoto imezama.” Nikatazama, kweli imezama, pindo ya chini imeshuka kidogo, haikutani sawa na ya pembeni. Tangu siku ile sipeleki mchoro Kariakoo bila yeye kuupitia, na hakuna hata mmoja uliorudishwa.

Sasa shida yangu ni hii. Baba anawaambia watu kompyuta yake imepona. Anasema msikitini, anasema dukani, anasema kwenye kikao chao cha wastaafu. Na haijapona, Anti, ndani hamna kitu, kile ni kioo tu na kinachofanya kazi ni laptop yangu. Mie nikaona nimsitiri mzazi wangu, kwa hiyo wageni wakija laptop naisukuma nyuma ya kioo, naifunika na kile kitambaa cha mama, kebo naipitisha nyuma ya meza, mgeni anaona kompyuta ya Mzee Mwinshehe inawaka na mambo yanakwenda.

Mwezi uliopita akaja Mzee Romani. Huyu ni Mnyamwezi, mtani wa baba, walikuwa mashine moja kiwandani, na tangu mlangoni kaanza.

“Mwinshehe, nasikia yule maiti uliyemlaza sebuleni kafufuka.”

“Kaa uone. Nyie Wanyamwezi mmezoea kubeba vitu, kuvitazama hamkufundishwa.”

“Natazama. Ila sanda nimekuja nayo, ipo kwenye baiskeli.”

Baba akafunua upande wa kioo tu, kanga ikaonekana, Mzee Romani akainama kuitazama, baba akaanza kumweleza habari ya kona, na katikati ya maneno kioo kikawa cheusi. Laptop ilikuwa imezidiwa na joto chini ya kitambaa, nilipoigusa ilikuwa kama pasi. Mzee Romani akakaa kitini taratibu akasema, “Mzaramo hata maiti wake mvivu. Kaamka, kakuta ngoma haipo, karudi kulala.” Baba akacheka mpaka akatoa machozi lakini mie nilikimbilia jikoni nikalia. Na Mzee Romani akaondoka anasema siku nyingine atakuja na wastaafu wote, mazishi hayafanywi na mtu mmoja.

Wiki hii akapita tena, siku ambayo mie nimekwenda Kariakoo na laptop yangu. Mama ananiambia baba hakugusa kitambaa, alimwambia tu, “Leo haiwezekani, mwenyewe hayupo. Waje Jumamosi.” Niliposikia hivyo roho iliniuma, kwamba baba yangu mtu mzima anatafuta visingizio, anasema mwenye kompyuta hayupo na huku amekaa mbele yake.

Kaka yangu Farhan anasema tununue kompyuta ndogo zile za ukubwa wa boksi la sabuni, tuigundishe ndani ya kioo, mzee hatajua. Mama anasema nimwache baba na furaha yake. Mie nawaza nimwambie ukweli sasa hivi asije akaaibika mbele ya wenzake waliomchangia, au nikubali la Farhan, au Jumamosi niondoke na laptop yangu waseme umeme umekatika. Na nisikufiche, kuna jambo dogo linanichoma, watu wanaisifu kompyuta ya baba na mchoro uliomo ni wangu. Niambie nifanye nini. Na tafadhali usitaje jina langu.

Nusaiba, Pugu

*

Marahaba, Nusaiba.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikicheka na mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Kabla ya kupewa ukurasa huu niliripoti kesi mahakamani, na huko nilizoea kutenganisha kile shahidi alichokiona na kile alichokidhani. Uliyoyaona umeyaeleza vizuri sana. Uliyoyadhani ndiyo yanakuliza jikoni.

Tuanze na tochi. Umeandika mwenyewe kwamba baba yako ndiye aliyeishika. Mtu anayewashikia mafundi tochi na kuuliza hiki nini na kile nini ameona bodi ikitoka na ameona ndani palivyobaki patupu. Hata hivyo sikutaka kukisia, ndiyo maana juzi nilikupigia simu nikakuuliza swali moja tu: ile bodi iliyoungua iko wapi? Ukanijibu bila kufikiri kwamba baba aliiomba, akaifunga kwenye gazeti, na ipo kabatini kwake pamoja na miwani yake ya akiba. Nusaiba, mtu aliyeuhifadhi moyo wa marehemu kabatini humwambii habari za msiba. Baba yako anajua. Amejua tangu dakika ile ile ulipoifungua skrubu ya mwisho.

Sasa nikugombeze kidogo. Mwanaume huyu kazi yake ilikuwa kugundua kosa la rangi ambalo wengine wote kiwandani hawajaliona. Kona iliyozama kwenye mchoro wako aliiona siku ya kwanza. Halafu wewe unaamini kwamba laptop iliyofunikwa kitambaa kwenye meza yake mwenyewe, na kebo inayoning’inia nyuma, hajaziona? Ulikusudia kumsitiri, na nia yako naiheshimu, lakini umemfanya mtoto. Yeye alikuachia ufanye hivyo kwa sababu ni mpole, na pengine alikuwa anasubiri uchoke.

Turudi kwenye maneno aliyomwambia Mzee Romani: mwenyewe hayupo. Wewe umesikia kisingizio. Mie nimesikia maelezo sahihi. Siku ile laptop haikuwepo, mchoro haukuwepo na mchoraji hakuwepo. Kulikuwa na kioo, kibati na mzee amekaa. Angetaka kujisifia kifaa angefunua, wageni wameshakiona kikiwa kimezima miaka yote. Hakufunua kwa sababu anachotaka kuwaonyesha kilikuwa Kariakoo na wewe. Mwenyewe ni wewe, na amekwisha kumwambia hivyo mtani wake kabla hajakwambia wewe. Wazee wengi wako hivyo. Watamsifu mtoto mtaa mzima, nyumbani watamwambia kona imezama.

Kuhusu hilo dogo linalokuchoma, nalielewa, na mtu yeyote anayefanya kazi nzuri angechomwa. Lakini kazi yako umeifunika wewe kwa mkono wako, kwa kitambaa, tena ukaipandisha joto mpaka ikazima. Huwezi kuficha kitu nyuma ya meza halafu ukanung’unika kwamba hakionekani.

Farhan mwambie fedha yake aifanyie jambo lingine. Akigundisha kompyuta humo ndani kwa siri, ndipo baba yako atakuwa amedanganywa kweli, na atagundua, kwa sababu macho ninayoyasoma kwenye barua hii hayapitwi na kitu. Umeme usiusingizie. Na Mzee Romani usimwogope hata kidogo. Mtani asiyekuja na sanda anakuwa amekudharau. Umesema mwenyewe baba yako alicheka mpaka akatoa machozi. Aliyelia kwa uchungu ni wewe, na utani ule haukuwa wako.

Sasa fanya hivi. Usiende kwa baba yako na uso wa kuungama, hakuna kosa la kuungamwa hapa. Mngoje amalize chai, umuulize swali la kazi: “Baba, Jumamosi laptop niiweke upande gani wa kioo?” Basi. Akijibu kulia, weka kulia. Akijibu kushoto, weka kushoto. Mazungumzo yote unayoyaogopa yamo kwenye jibu hilo na hamtahitaji mengine.

Kitambaa cha mama yako kiwe chini ya kioo na chini ya laptop ikibidi, lakini pembeni pale panapotoka joto pawe wazi, na juu pasifunikwe chochote. Kibati kipanguswe kisomeke. Hiyo ni zawadi ya wale wanaokuja, wanastahili kuona kwamba mpaka leo ipo kazini na haikuuzwa chuma chakavu. Kebo usiichomeke wewe. Iache mezani, wageni wakishakaa mpe baba yako aichomeke kwa mkono wake, awaeleze bodi ilivyotoka na kilichoingia mahali pake. Kama bodi ile ataitoa kabatini awaonyeshe, mwache. Kisha fungua mchoro ambao haujaupeleka popote, ukae upande wa pili wa meza, na wale wachapaji wote kwa pamoja waikague kanga yako. Watakutafutia makosa mpaka chakula kipoe. Andika wanayosema, wafanyabiashara wanalipia macho kama hayo na wewe utayapata sebuleni kwenu.

Asifiwe naye usisahau kumwalika. Aliyefungua ile mashine naye ana haki ya kutaniwa.

Limebaki jambo la jina. Kwenye barua uliniomba nisilitaje, na kwenye simu, baada ya lile swali la bodi, ukasema, “Anti, liweke. Na la baba.” Nimeyaweka yote mawili. Gazeti hili linatoka Alhamisi. Nunua nakala, na ukishamuuliza lile swali la laptop, mpe baba yako bila kusema neno, ukae karibu. Nawajua wachapaji: kwanza atalinusa, halafu ataliinua kwenye mwanga aone kama rangi zimekaa sawa, na atakuambia ukurasa huu umechapwa vibaya. Akishamaliza hayo ndipo atasoma.