Milisho ya Kumwanzishia Shemeji

Jumapili, 1 Septemba

Septemba mosi. Mwaka wa tatu umeingia tangu nitoke nyumbani kutafuta pesa ya paa la nyumba yetu. Mtoto wa mwisho, niliyemwacha anatambaa, leo kaniuliza kama mimi ni baba wa kweli au wa simu. Nikamwambia wa kweli. Akasema haya, akampa mama yake simu.

Shemeji amefika juzi. Ni kaka mkubwa wa mke wangu, fundi wa matofali tangu ujana, mtu mzima mwenye mvi kidevuni. Huku hakuna matofali, ni zege na nondo tu. Kwa hiyo namfundisha kazi yangu: kukunja nondo, kupanga ringi za kuzibana, kufunga waya. Anashika koleo kama anashika nyoka.

Ashike vizuri! Hapa kazini likizo hupewi mpaka uache mtu wa kushika nafasi yako. Haijaandikwa popote, lakini nyapara wetu anaishika kama kiapo. Niliyemfundisha mwaka jana alitoroka siku ile ile nilipokuwa nafunga begi. Begi nikalifungua. Sasa aliyebaki ni shemeji. Akitulia, naenda kuwaona. Akiondoka, basi tena.

Mama watoto kasema: kaka yangu akirudi kabla yako, nitajua hukukaa naye vizuri.

Jumatano, 4 Septemba

Nimerudi kutoka kuoga, nimemkuta shemeji kakaa kitandani amevaa viatu, begi mapajani.

"Unakwenda wapi, shem?"

"Nyumbani. Hujasikia? Wanafunga mradi. Wiki ijayo tunasombwa sote kurudishwa kwetu, kama mchanga."

Kanionyesha simu. Ni kundi la ujumbe la wageni waliokuja naye. Ujumbe umetumwa na mtu, kautoa kwa mtu, ambaye kautoa kwa mtu. Hauna tarehe. Chini yake kuna dawa ya mgongo ya vitunguu maji, halafu maombi, halafu tena tunasombwa. Nikamwambia ujumbe huo mimi niliupata mwaka wa kwanza, neno kwa neno, na bado nipo nakunja nondo. Hakucheka. Macho mekundu. Halali, anasoma upuuzi ule hadi unamwingia kwenye mifupa.

Nimemwomba avumilie hadi Jumapili. Kavua kiatu kimoja.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimemwekea kwenye simu programu yangu ya kusomea habari. Mimi mwenyewe nilionyeshwa na dereva wa kreni, tunamwita Mtu wa Juu. Inatumia kitu kinaitwa RSS. Herufi tatu, maana yake nimesahau, mimi niliishia darasa la sita. Ila namna inavyofanya kazi naijua: kila tovuti nzuri ina anwani yake ya mlisho. Unaichukua anwani, unaipa programu, na tovuti ile ikiandika jambo jipya, unaletewa. Umechagua mwenyewe nani akuletee. Hakuna wa kukurushia vitunguu maji.

Shemeji kafungua. Ukurasa mweupe!

"Sasa nasoma nini hapa?"

"Unaweka milisho."

"Ipi?"

Nikakumbuka na mimi nilivyokodolea macho weupe ule wiki nzima. Huo ndio ubaya wake. Mgeni anakaribishwa nyumba nzuri haina hata kigoda. Basi nikafanya wema — nimemmwagia milisho yangu yote. Miaka miwili ya kuokota. Hali ya hewa, mpira, habari za nyumbani, mafundi wa kila namna, mzee anayeandika kuhusu nyuki, katuni, lugha ya wenyeji, mashine zinazochimba mahandaki. Programu ikavuta pumzi, ikaandika zisizosomwa: elfu moja na ushee.

Kasema asante shem. Nimelala nimeridhika kama niliyeoza binti.

Alhamisi, 12 Septemba

Shemeji ananitangazia kwa furaha timu yetu inaongoza ligi. Ligi iliisha! Tulishika nafasi ya sita.

Mchana kavaa koti la mvua jua likiwa utosini. Eti kuna dhoruba inakuja. Ile dhoruba ya Juni.

Nimechukua simu yake nikaangalia. Jamani. Anasoma kuanzia chini! Kaenda hadi kwenye habari ya zamani kuliko zote, akaanza kupanda. Nikamuuliza kwa nini.

"Ukuta unaanzwa juu?"

Maisha yake yote kajenga kutoka msingi. Hawezi kuruka tofali. Na kila anapopanda kozi moja, mstari mmoja wa matofali, juu zinaongezeka tatu. Anasoma wakati wa chakula, anasoma chooni, anasema lazima amalize kwanza ndipo kichwa kimkae sawa. Macho mekundu vile vile. Nimemtoa kwenye mafuriko ya matope nikamtia kwenye mafuriko ya maji safi. Anazama pale pale.

Jana kafunga ringi tano, tatu zimelegea.

Jumapili, 15 Septemba

Nimefuta milisho yote kwenye simu yake. Kaniangalia kama nimebomoa ukuta wake.

Tumekaa kwenye ngazi za bweni, tukaanza upya. Nimempa mitano tu. Hali ya hewa ya hapa, kwa sababu ni jambo la kweli, unatoka nje unaona. Neno moja la lugha ya wenyeji kila asubuhi. Mpira. Katuni. Na redio ya kwetu nyumbani.

Hiyo ya redio nimeifikiria sana. Inatangaza misiba. Ukiiweka, atalia, usipoiweka, atarudi kwenye kundi kutafuta nani kafa. Nimeiweka.

Kauliza: na zile elfu? Nikamwambia hazikuwa zako, shem, zilikuwa zangu. Kafikiri. Kasema hata mimi nilishangaa, nyuki wa nini.

Jumanne, 17 Septemba

Kalala hadi king'ora. Kasalimia mlinzi wa geti kwa lugha ya wenyeji. Mlinzi kacheka hadi kofia imemdondoka — lakini kaitikia.

Ijumaa, 20 Septemba

Sasa nina wateja. Wale wageni wengine wamemwona shemeji ametulia, wanakuja na simu zao wamezishika mbele kama sahani. Mtu wa Juu ananiita daktari. Kaniambia, "Mpe kila mtu ile mitano, ulale." Nikajaribu. Mchomeleaji mmoja kairudisha kesho yake: mpira haupendi, ndugu zake wote wako hapa hapa, redio ya wapi? Nimemuuliza basi unapenda nini. Kasema hajui. Kasema hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nimebaki na hilo neno.

Halafu jioni! Shemeji kaja kunionyesha mlisho wa sita. Kautafuta peke yake, kaipata anwani, kaiweka, bila mimi. Moyo umenipasuka kwa furaha, fundi wangu kaiva! Nikauliza ni wa nini.

"Wa dada tu."

Dada yupi?

"Dada yangu. Mkeo, wewe."

Mke wangu ana ukurasa. Kikundi chao cha ushonaji kina tovuti, na yeye ndiye anayeandika. Tangu mwaka jana! Mimi naletewa kila siku habari za mashine za mahandaki, na mke wangu anaandika kila wiki kwa watu wote duniani, mimi sina habari. Nimesoma nimesimama. Nimesoma hadi chakula kimepoa. Na nimeanza kutoka chini, kama shemeji. Sikuweza kuruka hata moja.

Jumapili, 22 Septemba

Nimepiga simu. Nikamwambia hukuniambia kama unaandika.

"Hukuniuliza."

Nikahamishia simu sikio la pili. Akaendelea:

"Ukipiga unauliza watoto, unauliza paa, unauliza mama kapona? Unashukuru, unakata. Mimi niko wapi hapo, baba watoto?"

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejitetea. Nikamwambia ile habari ya kola iliyoshonwa upande nimecheka peke yangu kama mwehu. Kauliza kwa sauti ndogo: umeisoma? Nikamwambia zote. Kacheka! Kicheko kile cha zamani, cha kabla ya paa.

Tumeongea hadi muda wa maongezi umeisha. Paa sikuliuliza.

Jumapili, 29 Septemba

Mke wangu kaandika habari ya wanaoanza kushona. Nainakili hapa kwa sababu inanihusu kuliko yeye anavyojua:

"Mgeni wa cherehani asipewe kola, atachukia cherehani. Asipewe kuchagua vitambaa vyote dukani, atasimama mlangoni. Mpe foronya. Ni mishono minyoofu, anaimaliza siku hiyo hiyo, anaenda kulalia kazi yake mwenyewe. Kesho atakuja kukwambia anataka kushona nini."

Ndiyo yote! Mimi nimehangaika mwezi mzima. Sasa nimebadilisha. Mgeni akija simpi mlisho unaoleta habari kila saa. Nampa mitatu, ya watu wanaoandika mara moja kwa wiki, kitu kifupi, anakimaliza, anaona ukurasa umebaki mweupe na weupe huo ni wake. Halafu nasubiri arudi. Mchomeleaji alirudi. Anataka habari za njiwa. Njiwa! Nimemtafutia, ipo.

Na kila mgeni, katika ile mitatu, mmoja ni wa mke wangu. Nilimwomba ruhusa. Kasema wanaume wa zege watasoma foronya za nini? Nikamwambia wewe andika. Sasa bwenini wanabishana kuhusu mifuko ya suruali. Mke wangu wanamwita Shemeji, wote. Mimi wananiita mume wa mwandishi.

Shemeji kasema jambo leo, wakati tunakunja. Kwamba anaweza kukaa. Hakuniangalia. "Naweza kukaa mwaka, shem. Nikipita mtihani wa nondo." Nikasema utapita. Kasema usiniambie, mwambie nyapara.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mapumziko ya chakula. Sijala. Niko juu ya rundo la mbao, naandika ili mikono iwe na kazi.

Asubuhi nyapara kasema: nataka kumwona huyo mtu wako afunge nguzo kubwa ya kona peke yake. Ikisimama, wewe nenda kwa watoto. Isiposimama, usinisumbue tena hadi mwakani. Mimi nimeambiwa nikae mbali, nisitoe hata kikohozi.

Namwona. Alianza chini, bila shaka. Kaenda ringi kwa ringi. Wenzake walimaliza kula, wamekuja kusimama, wanajifanya wanachokonoa meno. Mtu wa Juu kasimamisha kreni. Mchomeleaji kapiga mluzi, nyapara kamkata jicho.

Amemaliza. Shemeji kashuka kwenye ngazi, kajifuta mikono. Anamkwepa kila mtu macho, mimi pia.

Nyapara hapimi kwa futi. Anashika nondo kwa mikono miwili anatikisa. Ikilia, umeshindwa. Anaizunguka nguzo sasa. Kashika upande wa barabara, katikisa. Sijasikia kitu. Upande wa ukuta, katikisa. Kimya. Bado pande mbili.

Asubuhi kabla ya kuja huku niliandika chini ya ukurasa wa mke wangu, pale wasomaji wanapoandikia, mara ya kwanza. Watu wote watasoma, na wasome. Nilimwandikia: huulizwi paa, unaulizwa wewe, ukiniona mlangoni utanipa nini nianzie? Alikuwa bado hajajibu.

Nyapara kainama kwa zile ringi za chini, zilizofungwa kwanza. Shemeji kafumba macho.

Nondo hazikulia upande wowote, na sasa namwongezea mke wangu pale pale chini ya ukurasa wake: natarajia kufika Jumamosi, tarehe thelathini Novemba, basi la asubuhi.