Mjomba wa Reji

Jumapili, 10 Novemba 2024

Reji hajala tena. Ugali na kisamvu cha karanga, chakula chake hasa — kaugusa tu, kasukuma sahani. Nimeuliza kama anaumwa. Haumwi. Kapigwa? Hajapigwa. Nikamwacha, nikaosha vyombo, ndipo akaanza kusema mwenyewe. Wenzake wakikaa nyuma ya darasa wakiimba, yeye akisogea wananyamaza. Wanamwambia akacheze na watoto wa awali. Shule zikifungwa wanaingia likumbi, ile nyumba ya jando kule porini, wavulana wote wa rika lake. Isipokuwa yeye.

Nikamwambia wewe umeshatahiriwa, tena na daktari, kwa ganzi. Akanitazama kwa huruma. Mtoto wa miaka minane ananihurumia! Akasema kukatwa kila mtu anakatwa, Mama, hata watoto wa Dar.

Nikolao angekuwepo angejua la kufanya. Mwaka wa pili huu tangu tumzike mume wangu, na bado nikikwama nageukia upande wake wa meza.

Jumatano, 13 Novemba

Nimemuuliza Mwalimu Khalfan ofisini, yeye ni wa hapahapa Newala. Kasema likumbi halina ubaguzi, Muislamu Mkristo wote wanaingia, ila mtoto lazima aingizwe na mkubwa wake. Mwanamume wa ukoo. Hajiingizi, wala haingizwi na mama.

Kumbe jambo dogo! Mwanamume wa ukoo si yupo? Damasi, kaka mkubwa wa marehemu, yuko Chiwata. Kwetu Tukuyu baba akifa kaka yake ndiye baba. Jumamosi naenda.

Nimemwambia Reji. Kala sahani mbili.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimerudi. Nimechoka mpaka mifupa.

Nilishuka Masasi asubuhi, nikapata bodaboda hadi Chiwata, jogoo kafungwa miguu, sukari kwenye mfuko. Damasi alikuwa anaokota korosho na wanawe. Aliacha kazi akanipokea vizuri, shemeji, shemeji, pole na safari. Mkewe akapika mbaazi. Baada ya kula nikatoa maneno yangu niliyoyapanga njia nzima, kwamba mimi ni mgeni, mtoto wenu amekua, nawakabidhi mumwingize jandoni.

Mkewe akainuka akatoka. Damasi akatazama mikono yake, akasema polepole, kama mtu anayemwelekeza mtoto wa watu njia:

— Shemeji, Reji si wetu. Sisi tumezaa tu. Mwenye mtoto ni mama yake na ndugu za mama yake. Mimi nikimshika mkono kumpeleka likumbi, watu watauliza, je, mama yake hana kwao?

Nikasema yeye ni damu ya Nikolao. Akasema ndiyo, wanampenda, akija atakula, atalala, akiumwa watamuuguza. Lakini ukoo ni wa mama. Hata wanawe mwenyewe, wale waliokuwa wanaokota korosho, si wake. Ni wa mjomba wao, yuko Nanganga. Akaniuliza nina kaka?

Jogoo walimpokea. Nafikiri ili nisiaibike.

Njiani nililia waziwazi, upepo wa pikipiki ukanisaidia. Miaka kumi nimekaa katika nchi hii, nimezaa, nimezika, na sikujua kwamba mtoto niliyedhani ni wao, wao wanajua ni wangu.

Jumapili, 17 Novemba

Nimempigia Gwakisa baada ya misa. Kaka yangu mmoja tu. Nikamweleza yote. Akacheka kwanza! Kisha akaona sicheki.

Kasema Reji ni wa akina Damasi, hilo halina mjadala. Kwetu mtoto anafuata baba. Yeye aje kusafiri Songea, Tunduru, Masasi, kumshika mtoto wa ukoo mwingine kwenye mambo ambayo sisi Wanyakyusa hatuna, wazee wa Tukuyu watamwonaje? Akaongeza kwamba ningerudi nyumbani haya yote yangeisha. Uhamisho umefikia wapi?

Haujafika popote. Niliomba mwaka jana kuhamishiwa shule ya kwetu Rungwe, msiba ukiwa bado mbichi. Hawajajibu hata neno. Hapa hakuna anayejua kwamba niliomba.

Kwa hiyo wa baba wanasema ni wa mama. Wa mama wanasema ni wa baba. Na mwenyewe yuko uani anatengeneza gari la waya, anajisemea Kimakonde ambacho mimi naambulia nusu. Nikimsemesha Kinyakyusa ananijibu Kimakonde. Tunakutana kwenye Kiswahili, kama watu wawili waliojuana safarini.

Alhamisi, 21 Novemba

Mvua. Tangi limejaa. Mbali na shikamoo na marahaba sikuongea na mtu mzima yeyote leo.

Jumamosi, 23 Novemba

Somoe kaja na ming'oko, viazi vya porini vya kuchemsha. Jirani yangu huyu haulizi, anakaa tu mpaka unasema mwenyewe. Nikasema. Akatikisa kichwa kuhusu Chiwata — Mwalimu mzima umekwenda kumwomba baba mkubwa! — akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Nikacheka pia. Kwa mara ya kwanza tangu Chiwata.

Kisha akawa makini. Kasema zamani watu waliokuja juu huku wamekimbia vita na njaa, hawana ndugu, walikuwa wanaingizwa kwenye litawa, yaani ukoo wa mama. Unakuwa mdogo wake mtu. Baada ya hapo huulizwi tena. Bibi Sikudhani, mama yake, ndiye mkubwa wa litawa lao, anaweza kunipokea. Nikiwa mdogo wake Somoe, basi kaka yake Rajabu ni kaka yangu. Na Reji ana mjomba.

Nilitaka kusema mimi nina kwetu. Sikusema. Kwetu wamenicheka kwenye simu.

Jumanne, 26 Novemba

Rajabu mwenyewe kaja jioni. Mtu mzito, fundi wa kuezeka, haongei ovyo. Hakukaa kwenye kiti cha Nikolao, alichukua kigoda. Kasema amesikia kwa dada yake, hana neno, mtoto anamjua, ana adabu. Ila nielewe jambo moja.

— Mwalimu, mjomba hakodishwi kama maturubai, shughuli ikiisha unarudisha. Nikimwingiza huyu, ni wangu. Akiugua, mimi. Akikosa, naulizwa mimi. Akioa, hapewi mke bila mimi. Umenielewa?

Nikasema nimekuelewa. Akasubiri, kana kwamba anajua kuna neno limebaki. Uhamisho! Ulinijaa mdomoni. Lakini Reji alikuwa mlangoni anatutazama, macho yote yamemtoka. Na mwaka mzima bila jibu — ombi lile limeshakufa. Nikasema tena nimekuelewa, kaka.

Nilimwita kaka. Neno lilitoka bila shida yoyote.

Jumapili, 1 Desemba

Leo Bibi Sikudhani amenipaka unga. Unga wa mtama, kwenye paji la uso, mwingine kaumwaga chini kidogokidogo akitaja majina ya waliokufa, majina ya wanawake tu. Mwishoni kabisa akataja langu. Tusajigwe. Kalikosea kidogo, halafu kalirudia vizuri.

Akaniambia: Umezaliwa leo. Usiseme tena huna mtu.

Wanawake wakapiga vigelegele. Nilifurahi, kwa kweli nilifurahi. Na papo hapo nikamkumbuka mama yangu, yu hai, anapalilia migomba yake Tukuyu, hajui kwamba nimezaliwa upya na mama mwingine. Upweke ulionishika pale katikati ya watu sijawahi kuuona, hata msibani.

Jumatatu, 9 Desemba

Wameingia. Walipita alfajiri wamefunikwa kanga, kila mmoja kabebwa mabegani na mkubwa wake. Reji alikuwa mabegani kwa Rajabu, nilimtambua kwa miguu. Hairuhusiwi kumwita. Hairuhusiwi kulia pia, Somoe kanibana mkono.

Hadi watoke, nisisuke nywele, nisigombane na mtu. La kugombana ni rahisi, sina mtu wa kugombana naye.

Rajabu anapeleka chakula. Napika, nakabidhi, sufuria zinarudi tupu. Hiyo ndiyo habari yote ninayoipata.

Jumanne, 17 Desemba

Simu kutoka halmashauri. Dada mmoja wa idara ya elimu, sauti ya furaha kabisa. Hongera Mwalimu, uhamisho umekubaliwa! Rungwe. Shule zikifunguliwa niwe nimeripoti huko.

Nikasema asante. Nikakata. Nikaenda nikakaa kwenye kitanda cha Reji.

Mwezi mmoja uliopita ningecheza barabarani.

Jumatano, 18 Desemba

Gwakisa anajua, sijui kaambiwa na nani. Kashapata chumba karibu na shule. Mama anapaka nyumba chokaa. Kasema mtoto atazoea haraka, watoto ni watoto. Nikamuuliza Reji akifika huko ataitwa nani. Akasema ataitwa Reji, sasa aitwe nani? Nikasema hapana, kule atakuwa mtoto wa Mmakonde. Angalau hakuukana ukweli huo. Akasema wataacha wakimzoea.

Hapa waliacha juzijuzi tu. Tena kwa unga.

Somoe kaleta mboga. Nusura nimwambie. Akaanza kunihesabia kanga za kushona sare siku ya kutoka, dada na mdogo wake wavae sare. Nikasema rangi ya kijani itapendeza.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Misa, kisha nyumbani. Nilipika wali, nikala kutoka kwenye sufuria nimesimama. Somoe na watu wake walinialika ingawa sikukuu si yao. Nilisema naumwa kichwa. Siwezi kuketi kwenye mkeka wao huku nimewaficha neno.

Nimefikiria kumwambia Rajabu. Nikafika hadi kwenye kona ya nyumba yake. Alikuwa juu ya bati anapiga misumari, akaniona, akapunga nyundo. Nikapunga nami, nikarudi.

Kwetu wangesema nichukue mtoto wangu niende. Ni wangu, nimemzaa. Damasi naye alisema ni wangu. Kila mtu alinirudishia mimi mpaka alipopatikana wa kumshika.

Jumamosi, 4 Januari 2025

Wametoka!

Ngoma tangu asubuhi, vumbi, honi za pikipiki. Watoto wamekaa kwenye mkeka, nguo mpya, miwani ya jua, mwavuli juu ya kila mmoja. Kanyooka Reji, kakaa kama mzee wa baraza. Kanenepa hata! Sufuria zangu zilifanya kazi.

Wana majina mapya. La zamani halitamkwi tena, ukilitamka unatozwa kuku. Rajabu kampa jina la mjomba wake yeye, Nangumbi. Nilisogea kumtunza kwa kanga niliyomwekea, nikajikaza nikasema Nangumbi. Akainua macho. Hakutabasamu, wamekatazwa. Lakini alinisogezea goti lake, kidogo, likagusa mkono wangu.

Damasi alikuja kutoka Chiwata na mkewe. Alinipa mkono wa hongera akaniambia sasa mambo yamekaa sawa. Alikuwa na furaha ya kweli.

Humu daftarini nitaendelea kuandika Reji. Hapa hakuna wa kunitoza.

Jumatatu, 6 Januari

Nimejaribu leo kumwambia Reji. Kila siku nasema kesho kutwa, siwezi kuendelea hivi. Shule zinafunguliwa Jumatatu ijayo.

Baada ya uji nikamkalisha. Ameanza kukaa vibaya sana, yaani vizuri sana, mgongo wima, anasubiri mkubwa amalize kusema. Nikamwambia habari za Tukuyu. Bibi yake, migomba, baridi, mvua isiyokatika, mjomba Gwakisa. Akasikiliza yote. Nikamuuliza, je, ungependa tukaishi kule?

Hakulia wala hakukataa. Alifikiri, kisha akanijibu kwa upole:

— Mama, hilo si la kuniuliza mimi. Mjomba ameshaambiwa?

Nikasema mjomba yupi. Akashangaa. Akasema, mjomba.

Nimeingia chumbani nikasema natafuta kitu. Nimekaa naandika. Nina hasira, sijui na nani. Nilitaka apate watu, kapata. Nilitaka asimamiwe, kasimamiwa. Mimi ndiye niliyekwenda kuomba, kwa mdomo wangu mwenyewe, na hakuna aliyenidanganya.

Kuna hodi uani. Sauti ya Rajabu. Shikamoo mjomba, marahaba, na kicheko cha Reji, kile cha zamani, cha mtoto. Nimechungulia dirishani. Kaleta miche ya mikorosho kwenye toroli, mingi, majani bado yana maji ya mvua. Anamwambia hii ni yako, tunaipanda kwa mama yako ili uwe unaitunza mwenyewe, ukimaliza sekondari iwe inakulipia masomo. Reji keshachukua jembe langu nyuma ya jiko.

Wananiita. Rajabu anasema, dada, njoo utuonyeshe tuchimbe wapi.