Tone Lisilo na Juu wala Chini

Tinde, Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo nitakuambia yote, hata lile ambalo Mama halijui. Mjomba anakuja huko Rwamgasa kesho. Nimemwomba asikupe barua hii mbele ya wachimbaji wenzako.

Wiki hii mwalimu wa fizikia alitufundisha jinsi tone la mafuta linavyoungua ndani ya chombo kilichoko angani, ambako vitu vinaelea. Hapa kwetu hewa ya moto hupanda, ndiyo maana mwali una ncha. Kule hakuna kinachopanda. Mwali hulizunguka tone pande zote kama kimpira cha buluu, nalo linanywea katikati.

"Kwa hiyo mwalimu, chapati huko zinaiva bila kugeuzwa?" Shija akauliza.

"Kaa chini. Wewe hata angani utatangulia jikoni."

Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa bado kwenye maneno ambayo mwalimu alitangulia kuyasema: mafuta hayaungui yakiwa maji, unaungua mvuke wake. Nikakukumbuka ulivyokaa kizingitini baada ya kumzika pacha wangu Kulwa, ukirudia, "Tone moja tu. Limeniponyoka tone moja." Baba, halikuwa tone. Mvuke wa petroli ulishajaa kibandani tangu ulipofungua dumu. Hukuuona. Hakuna auonaye.

Nakikumbuka kibanda kile cha barabarani, chupa za petroli mezani zikingoja bodaboda. Jioni ulipomimina, mimi na pacha wangu tulikushikia tochi kwa zamu. Hata Mama alituchanganya, ila wewe ulisema bila kugeuka, "Huyu anayeburuza ndala ni Doto."

Siku ile ya mvua betri ziliisha. Ukaita, "Leteni kibatari, ila msimame mbali." Ilikuwa zamu yangu. Nilisingizia tumbo, kwa sababu Mama alikuwa anapakua wali na nilitaka ukoko kabla Kulwa hajaufikia. Kulwa akanifunika khanga. "Haya, mdogo wangu, lala." Akachukua kibatari, akaenda.

Niliula ukoko, Baba. Nilikuwa bado natafuna uliposikika mlipuko.

Mwalimu alisema wakati mwingine mwali ule wa mviringo hutoweka, wataalamu wakadhani umezimika, kumbe tone linaendelea kuungua kwa moto hafifu usioonekana. Niliandika kwenye daftari, nikashindwa kuendelea na mstari uliofuata.

Mama hajambo. Bado anakuita Baba Kulwa, na kila Jumapili huiosha sahani yako. Mjomba anasema huko unashuka shimoni hata siku ambazo wenzako wanakataa, kama mtu anayejiadhibu. Usishuke tena kwa ajili ya kosa ambalo si lako peke yako.

Mjomba anarudi Alhamisi, nijibu kwa mkono wake. Sasa kwa kuwa umejua, utaweza kurudi kuishi nyumba moja na mimi?

Mwanao uliyebaki naye,
Doto